Kufuatilia setilaiti: apu ya simu au Gpredict kwa laptopu?

Hili swali haliishi, kila mtu akiona ile nyota inayokimbia (setilaiti) juu ya ufuo wa Dunga anauliza atumie gani. Mimi natumia zote mbili hapa Kisumu, apu ya simu na Gpredict, programu ya laptopu ya kufuatilia setilaiti.

Kwa usahihi wengi wanadhani laptopu inashinda, kumbe zote kawaida zinakula data ileile, zile mistari mbili za namba za njia ya setilaiti, wanaita TLE. Ikiwa mpya inakosea kama kilomita moja hivi, na kituo cha anga cha ISS kinaenda karibu kilomita 7.7 kwa sekunde, kwa hivyo hiyo ni kitu ya kupepesa jicho tu. Shida ni data ikizeeka, maana hewa nyembamba ya huko juu huivuta ISS ishuke na iwahi, kisha husukumwa juu tena mara kwa mara. Juzi nilikaa nje na Gpredict yenye data ya wiki tatu, mbu wananila, ikapita mapema nikiwa bado nafunga kamba ya kiatu.

Apu inajiapdeti yenyewe, hapo imeshinda, lakini bila bando ni bure, na yangu iliwahi kushikilia niko Nairobi. Gpredict ni ya bure, ukishapakua data hata stima ikipotea unaendelea hadi betri iishe, ila lazima ukumbuke kuapdeti na saa ya laptopu iwe sawa, sekunde 10 tu ni kilomita 77!

Unataka kuonyesha watoto, apu yatosha. Una antena ya kunasa mawimbi ya setilaiti unaizungusha kwa mkono, Gpredict.