Nyota nne kwa kitengo cha upasuaji kilichomtibu shemeji yangu uvimbe wa paja

Nawapa nyota nne kati ya tano, na hizo nne wamezitolea jasho. Jina la hospitali nalihifadhi kwa sababu nyota ya tano nitaieleza bila kumung'unya maneno. Ni hospitali ya rufaa ya Bonde la Ufa. Sisi tulitoka Lokichoggio, ambako nina duka la nafaka.

Shemeji yangu ni mchunga mifugo. Alikuwa na uvimbe nyuma ya paja la kulia, uliokua polepole miaka nenda miaka rudi, hauna joto, haumuumi. Kliniki moja njiani walitaka kuutoboa papo hapo kwa sindano, wakisema ni jipu. Nikakataa. Jipu gani hilo la miaka, na haliumi? Turkana tunaujua uvimbe wa maji unaoletwa na tegu, mnyoo wa mbwa. Miaka ya 1980 shirika la afya la AMREF walipita vijijini na mashine ya altrasaundi wakipima watu, na mbwa wakipewa dawa. Lakini sisi tunaujua wa tumboni. Wa paja sikuwahi kuusikia.

Kule rufaa alitupokea daktari msichana. Kabla hajaligusa paja aliuliza, "Kaka, nyumbani mnafuga mbwa? Wanalala wapi?" Shemeji akamwambia wanalala na watoto. "Na mkichinja mbuzi mkakuta ini lina malengelenge ya maji, mnalipeleka wapi?" Akajibu, wanapewa mbwa. Daktari akaandika kidogo, akainuka kutupeleka altrasaundi yeye mwenyewe. Maswali hayo mawili ndiyo yaliyomwokoa shemeji, na kwangu mimi yanatosha nyota mbili nzima.

Kwenye skrini niliona mfuko mweusi wa maji, na ndani yake vifuko vidogo vimebanana kama sega la nyuki. Daktari akasema uvimbe wenye vifuko ndani ya kifuko ni wa tegu huyu. Hakuishia hapo. Akahamia tumboni, akalichungulia ini pande zote, kisha akaagiza picha ya kifua. Alitueleza kwamba mbwa hupata tegu kwa kula malengelenge kama yale, kisha mtu humeza mayai yanayotoka kwenye kinyesi cha mbwa, viluwiluwi vikatoboa utumbo na kuingia kwenye damu. Ini hunasa vingi, kati ya wagonjwa 10 kama 7 huwa nao hapo, na mapafu hunasa sehemu kubwa ya vinavyobaki. Vichache huponyoka vikatua popote: kwenye misuli, figo, uti wa mgongo, hata nyuma ya jicho. Kwa hiyo ukiukuta pajani, lazima uulize kama hauna ndugu kwenye ini. Shemeji hakuwa na mwingine, Mungu ashukuriwe.

Kipimo cha damu kilirudi hasi, nami nikaanza kufurahi. Daktari akanituliza: uvimbe ulio nje ya ini mara nyingi damu haiuonyeshi, picha ndiyo ya kuaminiwa. Kuhusu ile sindano ya kliniki alikuwa mkali. Maji yale yakivuja, mwili unaweza kushtuka, presha ikaanguka na pumzi ikakata, na mbegu za tegu zikimwagika zinaota uvimbe mpya. Kwenye ini wapo wanaotolewa maji kwa sindano, lakini chini ya altrasaundi na dawa ikiwa imetangulia. Wa paja waliamua kuutoa mzima na mfuko wake.

Alimeza albendazole, dawa ya minyoo, kwanza, ndipo akaingia chumba cha upasuaji. Alichomwa ganzi ya mgongo, kwa hiyo alikuwa macho. Waliuzungushia vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi kali, ili ukipasuka mbegu zife hapohapo. Haukupasuka. Walimwonyesha kwenye bakuli la chuma, mweupe, umetuna.

Sasa ile nyota niliyoibana. Dirisha la dawa walitupa vidonge na maneno mawili: asubuhi, jioni. Hakuna aliyesema albendazole inataka chakula chenye mafuta ndipo iingie vizuri mwilini. Tulilisikia wodini kwa sista mmoja mwema, siku nyingi zikiwa zimekwenda bure, na nyumbani tuna maziwa ya ngamia na mafuta ya mbuzi! Wala hawakutuandikia tarehe za kupima damu, ingawa dawa hii ikimezwa kwa muda mrefu inaweza kuumiza ini na kupunguza chembe nyeupe za damu. Tena wanataka kila altrasaundi ya marudio ifanyiwe kwao, na marudio haya ni ya miaka. Mchunga mifugo wa Lokichoggio atapita Lodwar, penye mashine, aende hadi huko kwa picha ya dakika chache? Wengi wataacha kurudi, na uvimbe huu una tabia ya kuota tena kimyakimya.

Ukienda, taja mbwa wako hata usipoulizwa. Uvimbe ukiwa shingoni au mguuni, omba ini na kifua vipigwe picha pia, na usiondoke dirishani kabla hawajakuandikia tarehe ya kupima damu.