Tiketi ya Dar–Guangzhou: Tazama Usingizi Wako Unakatwa Wapi

Kila yanapokaribia maonyesho ya biashara ya Canton kule Guangzhou, China, yale ya Aprili na ya Oktoba, malalamiko yanayonifikia ni yale yale: "Dada, wakala kaniambia saa 12 tu, mbona nimefika hoi?" Umefika hoi kwa sababu umeuziwa saa za ukutani, zile za kila mji zinazoandikwa kwenye tiketi, siyo saa za safari yenyewe. Guangzhou iko mbele yetu kwa saa 5. Safari ya saa 17 ukienda inasomeka 22 kwenye tiketi; ukirudi inasomeka 12. Kisia mwenyewe wakala anakutumia WhatsApp picha ya upande upi.

Chakula na kilo za mzigo mnavijua kuliko mimi, sivigusi. Ninachotaka mkitazame ni mahali safari inapokatwa.

Moja kwa moja, Dar hadi Guangzhou ni takriban kilomita 8,700. Ukipitia Addis Ababa zinakuwa kama 9,800. Ukipitia Dubai, 9,800 vilevile, ndiyo maana watu wanadhani hakuna tofauti. Ipo! Addis iko kama kilomita 1,760 tu kutoka Dar. Ukishabadilisha ndege pale, zilizobaki 8,000 ni mkupuo mmoja: unakula, unajifunika shuka, unalala. Dubai inakata karibu na katikati, 4,000 halafu 5,800. Usingizi ndiyo kwanza umekolea, taa zinawashwa, nyoosha kiti, funga mkanda. Unashuka macho mekundu, unapanga foleni ya ukaguzi, unavua viatu, kisha unapanda nyingine uanze kuutafuta upya. Ukitua, mwenye kiwanda anakusubiri mjadili bei na kichwa kinakuvuma.

Kwa hiyo namba moja ni Ethiopian, wanaopitia Addis, na mapenzi yangu kwao siyafichi. Air Tanzania ya moja kwa moja haikatwi popote, na kwa haki ingekaa juu, ila haiondoki kila siku, na mwenye duka hawezi kuusubirisha mzigo kwa ratiba ya ndege. Siku zikikuangukia vizuri, ichukue bila kuniuliza. Ya tatu ni kupitia Nairobi: kipande kifupi, halafu kirefu, alimradi yote iwe tiketi moja. Emirates na Qatar Airways nawaweka mwisho. Ndege zao nzuri, sibishi, lakini zote zinakata kulekule karibu na katikati, Emirates Dubai, Qatar Doha, na ya Doha inafikisha kilomita 10,000.

Tiketi mbili za kuungaunga kwa bei ya chee? Ya kwanza ikichelewa, ya pili imekwenda na hela yako. Tuendelee.

Sasa nyie mawakala. Kwa nini picha mnazotuma huwa zimekatwa palepale penye saa za kusubiri? Mtu anachanga mamilioni, anakuja kugundua saa tisa usiku, yuko uwanjani ugenini, kwamba ndege yake ya pili ni mchana. Akitaka kubadili tarehe kuna makato ya shirika, sawa, halafu juu yake kuna "ya ofisi" isiyoandikwa kwenye risiti yoyote. Wasomaji wangu, kabla ya kutoa shilingi, daini ratiba nzima, saa za kuondoka na kufika kila kituo. Akianza kuzungukazunguka, nenda duka la pili. Kariakoo wako wengi.