Uzoefu wangu na WPAQ 740 AM ya Mount Airy

Kwa mpenzi wa zilipendwa za fidla na banjo, redio hii ya mji mdogo wa Mount Airy, North Carolina, naipa alama za juu, mradi uisikilize mchana na uwe umeitayarisha redio yako. Iko hewani tangu 1948, na eneo hilo ndiko nyumbani kwa mtindo wa Round Peak, alioupiga mpiga fidla Tommy Jarrell, ambapo fidla na banjo hukimbia na wimbo mmoja bega kwa bega. Usikose kipindi cha Merry-Go-Round, Jumamosi saa tano asubuhi: bendi zinapiga moja kwa moja kutoka ukumbi wa Earle, hakuna santuri.

Uliyekuja Marekani na redio ya kidijitali ya nyumbani, anza na hatua za masafa. Afrika Mashariki AM hupangwa kila kilohezi 9, huku ni 10. Redio iliyoachwa kwenye 9 itaruka kutoka 738 hadi 747, na ukisimama 738 sauti itatoka imekwaruza, hasa kwenye herufi s. Tafuta swichi au menyu ya 9/10, na ubadilishe kabla ya kuhifadhi vituo kwa sababu mara nyingi kumbukumbu hufutika.

Antena ya waya ya kuvuta haisaidii AM. Kinachonasa mawimbi ni fito ya feraiti iliyolala ndani ya redio, nayo hushika vizuri ubavuni na vibaya nchani. Ukiwa Winston-Salem, elekeza uso au mgongo wa redio kaskazini-magharibi. Mvumo ukibaki, chomoa chaja za simu na uzime taa za LED moja moja. Mwenye makosa hujulikana papo hapo.

Ukiwa mbali zaidi, tengeneza fremu ya mbao yenye pande za sentimita 60, zungushia waya mara 10 ukiacha milimita 6 kati ya mizunguko (mita 25 zinatosha), kisha unganisha ncha mbili kwenye kapasita ya kuzungusha ya pikofaradi 365. Weka redio karibu na fremu bila kuunganisha chochote. Zungusha kapasita taratibu. 740 itaruka juu ghafla kapasita ikikaribia kufungwa kabisa (bati zake zikiwa zimeingiana kwa sehemu kubwa). Kwa bei yake, sijaona kifaa kinachoishinda.

Jioni usihangaike. Jua likizama, tabaka la anga linalofyonza mawimbi haya hutoweka, na stesheni ya Toronto yenye wati 50,000 kwenye 740 hiyo hiyo huvuma hadi huku. Ndiyo maana WPAQ, yenye wati 10,000 mchana, hulazimika kushusha nguvu sana usiku. Desemba jua huzama hapo kama saa kumi na moja na dakika kumi, kwa hiyo jioni za baridi isikilize kwenye intaneti. Kipindi cha Jumamosi hakiguswi na hilo mwaka mzima.