Kiroboto na uvungu wa kitanda: miezi 14 na roboti ya kufyonza vumbi

Nilikuwa nimepiga magoti natafuta hereni. Tochi ya simu mkononi, shavu sakafuni, nachungulia uvungu wa kitanda, ndipo nilipoona kitu cha kijivu kimejikunyata ukutani. Nilirudi nyuma nikidhani ni panya. Kumbe ni vumbi na manyoya ya paka, yamesokotana hadi yakafanya mwili. Na chumba hicho nilikuwa nakifagia kila asubuhi, au niseme nilikuwa nafagia pale macho yanapofika.

Kwa karibu miaka miwili nilikuwa nimebishana na nafsi yangu kuhusu roboti ya kufyonza vumbi. Hoja yangu ilikuwa moja tu: mwenye mikono miwili na ufagio anataka nini zaidi? Sakafu yangu ni ya vigae, vyumba vitatu, ngazi hakuna. Kazi ya robo saa. Lakini robo saa hiyo, nikisema kweli, ilikuwa inaishia katikati ya chumba. Uvunguni nilikuwa nafika siku ya kuhamisha vitanda, na vitanda havihamishwi kila mwezi. Siku ya hereni nilichukua rula nikapima: sentimita 11 kutoka sakafuni hadi kwenye mbao za kitanda, 10 chini ya kabati, 7 chini ya kochi. Namba hizo tatu zilinifaa kuliko video zote nilizotazama baadaye, kwa sababu roboti nyingi zenye kile kinundu cha leza mgongoni zina kimo cha sentimita 9 hadi 10. Yangu ina 9.6. Chini ya kitanda inaingia bila wasiwasi, chini ya kabati inapita kwa kubana pumzi, na kochi inaliangalia kwa nje.

Kabla sijanunua, rafiki yangu aliniazima ya kwake kwa wiki mbili. Ilikuwa ya mtindo wa zamani. Mashine hizi si ngeni kama tunavyofikiri: Electrolux ya Uswidi ilianza kuuza ya kwake, Trilobite, mwaka 2001, na mwaka uliofuata iRobot, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1990 na watu watatu waliotokea MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, ikatoa Roomba. Roomba za mwanzo hazikuwa na ramani. Zilikwenda mbele mpaka zigonge kitu, zikageuka, zikaenda tena, kwa kutegemea kwamba anayetangatanga muda mrefu hatimaye hupita kila mahali. Ya rafiki yangu ilifyonza mbele ya friji mara tano, chini ya meza pakabaki vilevile. Miguu ya viti yote iligongwa. Paka alihamia juu ya kabati na kukaa huko siku tatu.

Ndiyo maana nilipofika kwenye kununua nilitaka yenye leza. Kinundu kile huzunguka kikirusha miale na kupima umbali wa kuta na fanicha, roboti ikajichorea ramani, kisha ikapita kwa mistari iliyonyooka kama mtu anayelima matuta. Zipo pia zinazokisia mahali zilipo kwa kuhesabu mizunguko ya magurudumu na kuhisi zinavyogeuka. Hizo ni nafuu zaidi, na kwa mwenye chumba kimoja zinatosha. Vyumba vikiongezeka, zinaanza kujichanganya.

Jioni ya kwanza sikufagia kitu. Niliipoteza yote kwenye waifai. Roboti haikuona mtandao wangu hata kidogo, nami nikaanza kukunja kadibodi ili niirudishe, mpaka nilipogundua kwamba inasikia masafa ya GHz 2.4 peke yake na simu yangu ilikuwa kwenye GHz 5. Hilo limeandikwa kwenye kijitabu cha maelezo, kwa herufi ambazo hata paka asingezisoma.

Jina ililipata siku ya pili. Mpwa wangu wa miaka mitano alitazama kidude kile cheusi cha duara kikikimbia chini ya viti, akapiga kelele, "Shangazi, kiroboto!" Alitaka kusema kiroboti, ulimi ukateleza. Lakini kidude kidogo, cheusi, kinachofuata manyoya ya paka? Ndiye mwenyewe. Tangu hapo hata sarufi ya nyumbani kwangu imevurugika. Ikifanya kazi vizuri tunasema "imemaliza". Ikifanya vituko, inapanda ngeli: "amekwama", "amekula soksi", "amejifungia chooni". Hili la chooni limetokea mara mbili. Anaingia, anasukuma mlango kwa nyuma, unajifunga, anazunguka humo mpaka betri inakata.

Sasa kuhusu kusafisha, ambako ndiko penye swali. Wiki mbili za kwanza sikuiamini. Kila ilipomaliza nilipita nyuma yake na ufagio na kizoleo, nikakusanya kilichobaki kwenye karatasi nyeupe. Katikati ya vyumba sikupata kitu. Uvunguni, sikupata kitu, na hapo moyo ukaanza kulainika. Lakini kila kona ilikuwa na kijipembe cha vumbi, kwa sababu duara halikai kwenye kona. Kile kibrashi cha pembeni kinajitahidi kufikia lakini hakimalizi. Halafu kibrashi hicho hicho kina tabia nyingine: kikikutana na punje nzito za mchanga huzirusha mbali badala ya kuzivuta ndani, nami nikawa nazisikia zikigonga ukuta. Kukipunguza kasi kwenye programu kulisaidia kiasi.

Zulia ni habari tofauti. Juu linaonekana safi, na mistari ya kupitia imejichora vizuri. Siku moja nililitoa nje baada ya Kiroboto kulipitia mara mbili, nikalikung'uta. Vumbi lililotoka lilinitia chafya. Matangazo ya mashine hizi yanashindana kwa paskali: yangu iliandikwa 4,000, na sasa zipo zinazotajwa kuwa na zaidi ya 10,000. Paskali zinakuambia nguvu ya mvuto tu. Hazikuambii hewa kiasi gani inapita, wala brashi inachimba kiasi gani ndani ya nyuzi. Mashine ya kawaida yenye waya bado inaipita mbali kwenye zulia nene. Kwenye vigae, kwa upande mwingine, mimi natumia nguvu ya chini kabisa, ile ya kimyakimya, na sioni tofauti. Kwa hiyo ukikuta mbili zinazofanana na moja ina paskali nyingi zaidi kwa pesa zaidi, na nyumba yako ni ya vigae, hizo paskali huzihitaji.

Nilikuwa pia na zulia lenye ukingo mpana mweusi. Kiroboto alifika ukingoni, akasimama, akarudi nyuma, akajaribu upande wa pili, akarudi tena. Nilidhani imeharibika. Kumbe tumboni ina sensa zinazomulika sakafu kwa mwanga usioonekana na kusubiri urudi. Mwanga usiporudi, inajua imefika ukingo wa ngazi na inajiokoa. Rangi nyeusi sana inaumeza mwanga ule. Machoni pa Kiroboto, sebule yangu ilikuwa imezungukwa na shimo. Wapo wanaobandika karatasi ya gundi juu ya sensa hizo ili kuzidanganya. Mimi nina kibaraza chenye kidato, sikuthubutu. Zulia lilihamia chumba kisichopitiwa.

Lakini kilichonishangaza kuliko vyote ni kazi inayotangulia. Roboti inafagia sakafu iliyo tupu, na kuifanya sakafu iwe tupu ni kazi yako. Waya wa chaja ya simu, soksi, kamba za viatu, mfuko wa plastiki, ncha za zulia zenye nyuzi, midoli ya mpwa. Mwezi wa kwanza alimeza waya wangu wa chaja, akauburuta pamoja na simu iliyokuwa imelala juu ya stuli. Kioo cha simu kilipasuka, na sikuwa na wa kumlaumu. Siku hizi kabla sijatoka asubuhi nazunguka dakika kama nane nikiokota na kuinua. Viti vya kulia vinapanda mezani.

Hapa ndipo ninapowapima wanaoniuliza kama wanunue. Nawaambia: kabla hujatoa hela, kaa wiki moja ukifanya hivyo kila asubuhi, uokote kila kitu sakafuni kana kwamba roboti ipo. Gharama yake ni sifuri. Shemeji yangu alifika siku ya tatu akasema yeye na watoto wake wanne hawawezi, akanunua mashine ya kushika mkononi isiyo na waya, na ninaamini alifanya jambo sahihi. Dada mmoja wa kazini alimaliza wiki, akaniambia nyumba yake imekaa vizuri hivi kwamba haoni tena haja ya roboti. Nilicheka, lakini alikuwa na hoja.

Halafu kuna kumtunza. Kisanduku chake cha vumbi ni kidogo, kama mililita 400, na kwa nyumba yenye paka wa manyoya marefu kinajaa kwa safari moja. Zipo zenye kituo kinachojivutia uchafu kwenye mfuko mkubwa. Kama una mnyama, hilo ndilo ningelilipia kabla ya kamera na mbwembwe nyingine. Nywele zangu na manyoya ya paka hujizungusha kwenye brashi kuu, na kila Jumamosi nakata kwa mkasi. Gurudumu dogo la mbele nalo nalichomoa, kwa sababu hapo nywele hujificha mpaka lianze kulia. Chujio nililiosha mara moja na kulirudisha likiwa na unyevu, na kwa siku tano sebule ilinuka nguo zilizoanikwa ndani. Linatakiwa likauke siku nzima, na ni vizuri kuwa na mawili ya kubadilishana. Betri nayo imepungua: mwanzoni ilimaliza nyumba na kubaki na nusu, sasa inarudi na robo.

Kudeki, nitasema kwa ufupi. Yangu ina kitambaa kinachoburutwa nyuma na kutiririshiwa maji. Hiyo si deki, ni kupangusa. Alama ya kikombe iliyokauka inaipita juu na kuiacha ikimeremeta.

Kuhusu kamera, nilikataa makusudi. Desemba 2022, jarida la MIT Technology Review lilieleza jinsi picha zilizopigwa mwaka 2020 na Roomba za majaribio, mojawapo ya mwanamke akiwa chooni, zilivyoishia kwenye makundi ya mitandao ya kijamii ya watu walioajiriwa kuzichambua. iRobot ilisema zilikuwa mashine maalumu za utafiti na waliokuwa nazo walikubali kurekodiwa. Sawa. Lakini mwaka 2024 huko Marekani, roboti kadhaa za kampuni ya Ecovacs ziliingiliwa na wadukuzi, zikaanza kuwatukana wenye nyumba kwa spika zao wenyewe. Yangu haina kamera wala maikrofoni. Ramani ya nyumba yangu inayo, hilo nimelimeza.

Na jambo ambalo sikuliwaza wakati wa kununua: mashine hii inaishi kwa programu ya simu, na programu inaishi kwa kampuni. Neato, kampuni nyingine ya roboti hizi, ilifungwa mwaka 2023. iRobot yenyewe, waliotufundisha sote jina la Roomba, iliomba kinga ya kufilisika Desemba 2025. Siku hizi nikiulizwa nashauri: hakikisha ina kitufe mgongoni kinachoiwasha bila simu, na kwamba brashi na betri zake zinapatikana kwa watu wengine zaidi ya aliyeitengeneza.

Mama alikuja kukaa nami mwezi mzima. Siku ya kwanza aliitazama ikipita, akainua miguu juu ya kochi, akasema, "Pita, mwanangu, pita." Ilipomaliza akachukua ufagio akafagia nyumba nzima.

"Mama, si imeshafagia?"

"Imepita," akanijibu. "Kufagia ni kingine." Akanionyesha kizoleo. Palikuwa na vumbi la kona nne na kofia ya kalamu.

Lakini wiki ya tatu, mgongo ulipomsumbua, nilirudi kazini nikakuta viti viko juu ya meza na yeye ameketi, miguu juu, anamwelekeza Kiroboto kwa fimbo ya pazia. Alikuwa amejua mwenyewe kitufe kiko wapi.

Kwa hiyo, ningeinunua tena? Ndiyo, kwa nyumba hii: vigae, bila ngazi, paka mmoja, uvungu wa sentimita 11. Ningekuwa na mazulia ukuta kwa ukuta, au vizingiti vinavyozidi sentimita mbili kila mlango, nisingeinunua. Ufagio bado uko nyuma ya mlango na kila Jumamosi unazipitia kona. Chafya za asubuhi zimepungua, ingawa siwezi kuapa kwamba ni kwa sababu yake. Mapazia nayo niliyafua mwaka huu.

Mama akipiga simu siku hizi, akishaniuliza hali yangu, huuliza, "Na Kiroboto, hajambo?"

"Hajambo, Mama. Ila jana amekula soksi."