Jahazi la Mwezini lililonivunja moyo

Mwaka huu hakuna kitabu nilichokisubiri kama riwaya hii, Jahazi la Mwezini. Riwaya za sayansi ya kubuni kwa Kiswahili ni za kuhesabu, na za kuchekesha ndiyo adimu kabisa. Basi nilipoona jaladani jahazi lenye tanga jeupe likielea juu ya mwezi, na nyuma pameandikwa kwamba safari inaanzia Tanga, nilitoa shilingi 18,000 palepale Dar, nikapanda basi la kurudi nyumbani nacho mkononi.

Mpaka Chalinze nilikuwa nacheka peke yangu, hata jirani yangu wa siti akaniuliza kuna nini. Hadithi yenyewe ni hii: fundi baiskeli wa Ngamiani, nahodha mzee na mwalimu mstaafu wa fizikia wanaokota mtambo ufukweni, wanaufunga kwenye jahazi, wanaondoka. Sura ya kwanza ni tamu, na haki yake naitoa. Yule fundi akiushika mtambo kwa mara ya kwanza, anaupigapiga kwa kucha na kutega sikio, kama anayetafuta spoki iliyolegea. Sisi tuliokulia mji huu wa baiskeli tunamjua mtu huyo. Nikasema, leo tumepata kitabu.

Tulipofika Segera nilikuwa nimekifunga.

Kilichonichoma ni sura ya nne. Jahazi limeshaiacha dunia, hewa inavuja, wasafiri wanahema. Ukurasa uliotangulia tumeambiwa kila kitu kimepoteza uzito. Kofia ya nahodha imempaa kichwani na kugota kwenye dari, na kweli nilicheka. Sasa fundi anataka kujua hewa inapotokea. Anajaza maji kwenye beseni, analiweka sakafuni, anainama kutafuta mapovu kama anavyofanya na tyubu iliyotoboka. Maji yametulia beseni zima. Yametuliaje, na kofia bado iko darini? Maji yasiyo na uzito hayatulii chomboni kama hapa duniani. Yakichomoka yanajikusanya yakawa donge la mviringo, yanaranda hewani, na ukiyagusa yanakuganda mkononi. Hebu mfikirieni fundi wa watu anakimbizana na donge la maji, tyubu shingoni! Kicheko kilikuwa hapo hapo miguuni pa mwandishi, akakiruka.

Najua wapo watakaosema hiki ni kitabu cha kuchekesha tu, nisikichunguze kama mtihani. Sikubaliani nao hata kidogo. Kichekesho kinataka sheria kuliko hadithi ya huzuni, maana tunacheka pale sheria inapombana mtu naye akahangaika kujinasua. Sheria ikibadilika kila ukurasa, hakuna anayebanwa, na hakuna wa kumcheka. Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga hii hii, aliweka nchi nzima angani katika Kusadikika mwaka 1951, na msomaji hahangaiki kuuliza inaeleaje, kwa sababu mambo ya nchi ile yana utaratibu wake na mwandishi hautupi katikati ya njia.

Tena ukweli wenyewe una vituko kuliko alivyobuni yeye. Mwaka 2020 Kituo cha Kimataifa cha Anga, kile kinachoizunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, kilikuwa kikivuja hewa, na wanaanga walihangaika muda mrefu bila kuuona ufa. Mwishowe wakafungua pakiti ya chai, wakaziachia chembe za majani zielee, wakafunga chumba na kuacha kamera zitazame. Majani yale yakasogea polepole, yakaelekea moja kwa moja kwenye mkwaruzo mdogo ukutani. Wakaubandika utepe. Majani ya chai na kiraka! Angempa fundi wetu wa Ngamiani kazi hiyo, ningekisoma kitabu mara tatu.

Jumamosi nilikwenda Sahare kwa mjomba wangu, aliyeendesha majahazi tangu ujana wake. Baada ya shikamoo nikamsomea kurasa za mwanzo, pale jahazi linapotoka Unguja kuja Tanga "likisukumwa na kaskazi tamu ya Desemba". Akaninyamazisha kwa mkono.

"Rudia hapo, mjomba. Upepo gani?"

"Kaskazi."

"Kaskazi inakuleta Tanga kutoka Unguja? Hiyo inatoka kaskazini, inakupiga usoni. Anayekuleta huku ni kusi, upepo wa kusini."

Hakukasirika. Alisikitika, na masikitiko yake yaliniuma kuliko beseni la maji. Watu wa pwani hii wana maneno kwa kila upepo, kila mti na kila kamba ya chombo, kama foromali, ule mti unaobeba tanga, na demani, kamba yake, na mwandishi ameazima jahazi lao bila kuwauliza hata mmoja wao.

Nikamwambia basi kwamba kwenye kitabu tanga linasukumwa na upepo hata huko juu kusiko na hewa, lakini kweli vipo vyombo vya angani vyenye tanga. Wajapani walirusha kimoja mwaka 2010, kinaitwa IKAROS. Tanga lake la mraba lina mita 14 kila upande, jembamba kuliko unywele, na lilisukumwa na mwanga wa jua likielekea upande wa sayari ya Zuhura. Mjomba akaacha mshipi aliokuwa anaupanga. Aliniuliza maswali mpaka adhana ya magharibi: linatwekwa vipi bila mlingoti, linageuzwaje, jua likiwa mbele unafanyaje. Nilijibu nilipoweza. Maswali hayo yalikuwa na uhai kuliko sura zote za katikati za riwaya hii.

Mengine nitayapitia haraka. Nahodha akiwa Mirihi anagombana na mkewe wa Chumbageni kwa redio, neno kwa neno, papo hapo, wakati ujumbe kutoka huko unachukua dakika tatu hivi sayari zikiwa karibu kabisa, na zaidi ya ishirini zikiwa mbali. Fikirieni ugomvi ambao mke ameshasamehe na matusi bado yako njiani. Watu wa Tanga wote wanaongea kama vijana wa vijiweni Dar. Bibi yake fundi amewekwa awe mjinga wa kuchekwa mwanzo hadi mwisho, na hilo sikulipenda hata chembe; mwandishi anampenda fundi, angempenda na bibi. Chapa ni nzuri, herufi kubwa, makosa ya uchapaji machache sana.

Naipa nyota mbili kati ya tano, zote mbili za yule fundi. Kama una kijana wa miaka kumi na mbili anayeanza kupenda kusoma, mnunulie, kisha kaa naye mzungumze kuhusu maji na kofia. Kikitoka kitabu cha pili nitakinunua siku ya kwanza, maana anayeweza kuandika sura ile ya mwanzo anaweza kuandika kitabu kizima, na ninataka kukisoma.

Nakala yangu ipo Sahare. Mjomba amefika sura ya tatu, na kipande cha mshipi alichoweka kama alama hakijasogea tangu Jumapili.