Mashine ya uzio wa umeme wa sola kwa nguruwe mwitu, Gede: uzoefu wangu

Ninayoizungumzia ni mashine ya joule 1 (hicho ni kipimo cha nguvu ya kila pigo la umeme) inayotumia betri ya nje ya volti 12, niliyoifunga kwenye ekari moja ya mahindi na muhogo upande wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Wanaoulizia risasi wasahau: Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, na mtego wa waya nao utakupeleka kortini. Isitoshe, mzoga wa nguruwe mtaa huu nani atauzika?

Mashine yenyewe naisifu. Inakula ampea 0.15 hivi, kwa hivyo usiku na mchana ni kama ampea-saa 3.6. Betri ya ampea-saa 18 pamoja na paneli ya wati 20 inavuka siku mbili za mawingu mazito bila kushuka chini ya nusu. Iache ikiwaka saa zote, maana nguruwe mwitu huja usiku lakini ngiri huja mchana. Zile kilomita zilizoandikwa kwenye kasha usizitegemee. Ni za waya mmoja usioguswa na jani hata moja.

Kinachokera ni chuma cha ardhini wanachokupa: kimoja tu, chembamba kama kalamu. Fensi nyingi za huku hufia hapo. Mnyama akigusa waya, umeme hauna budi kurudi kwenye mashine kupitia udongo, na mchanga wetu wakati wa kaskazi hukauka hadi haupitishi kitu. Nguruwe anasikia mtekenyo, anapita. Piga vyuma vitatu vya mabati vya mita 1.5, kila kimoja mita 3 kutoka kwa mwenzake, uviunganishe kwa waya mmoja usiokatwa. Kisha pima. Nenda mita 100 kutoka kwenye mashine, egemeza vipande vya chuma kwenye waya hadi volti zishuke chini ya 2,000, halafu weka kipimo kwenye chuma cha ardhini cha mwisho. Ukisoma zaidi ya volti 300, ongeza chuma kingine. Mchanga ukikataa kabisa, kati ya nyaya tatu za fensi, wa katikati usiupe umeme, uunganishe na vyuma vya ardhini. Nguruwe akijipenyeza anagusa waya mbili na kupigwa sawasawa. Tumia kipimo cha fensi, kile cha kawaida cha fundi stima kitaungua.

Nyaya ni tatu: sentimita 20, 40 na 60 kutoka chini. Ekari ya mraba ina mzunguko wa mita 254 hivi, basi nunua mita 800 za waya wa mabati wa milimita 1.6, na nguzo 51 za kuweka kila mita 5. Wa chini ndio wenye kazi. Ukiuweka sentimita 30, nguruwe anapita chini yake, na umeme ukimpata begani badala ya puani hukimbia mbele, ndani ya shamba. Pua ndiyo laini na yenye unyevu. Akipigwa hapo anarudi alikotoka. Penye bonde dogo, ongeza nguzo.

Mwishoni mwa waya nataka volti 4,000 au zaidi. Zikipungua, sababu kwa kawaida ni nyasi. Masika inapoanza, fyeka ukanda wa nusu mita kila wiki na usiruhusu mboga ya maboga kutambaa huko. Sababu ya pili ni maungio ya nyaya: waya wa shaba ukifungwa kwa wa mabati, ule wa mabati huliwa upesi kwenye hewa ya chumvi, tumia vibano vya mabati. Insuleta, vile vishikizi vya waya visivyopitisha umeme, nunua nyeusi, na vipande vya mpira wa kumwagilia maji achana navyo, vikilowa vinavujisha. Siafu na mijusi hupenda kuingia ndani ya mashine, kwa hiyo ziba matundu ya nyaya.

Washa kabla mahindi hayajabeba. Nguruwe aliyekwisha kuonja huvumilia mengi.

Usithubutu kuunganisha waya moja kwa moja na stima ya nyumbani, hiyo inaua mtu. Seng'enge ya miiba pia usiipe umeme. Mtoto akinasa hawezi kujinasua.

Nyani wataipanda kupitia nguzo na ndovu ataiangusha. Kama shida yako ni hao, usiinunue.