Filta ya polaraiza ya 67 mm: kwa vijito vya Uluguru nunua, kwa Ruvu ya masika iache nyumbani

Nianze na jibu, maana najua wengine mnasoma mkiwa tayari dukani: kama unapiga picha vijito vya milimani, nunua. Polaraiza ni kioo cha kufunga mbele ya lenzi kinachokata mng'ao. Yangu ni ya bei ya kati, ile inayoandikwa CPL kwenye fremu. Niliichukua Kariakoo kwa shilingi 60,000 baada ya kubishana na muuzaji aliyeanzia 85,000. Nilitaka 67 mm kwa sababu lenzi zangu mbili za Canon, ile ya 18-135 na ile pana ya 10-18, zote zina mdomo wa kipimo hicho. Angalia namba ya kipenyo mbele ya lenzi yako kabla hujatoa hela.

Maji ya kijito, mawe yaliyolowa na majani ya migomba ya kando, vyote vinaakisi anga, na mng'ao huo mweupe ndio unaoua picha. Jiwe jeusi linatoka kijivu, majani yanapauka, kokoto za chini hazionekani. Sasa unazungusha pete ya mbele ya filta huku ukichungulia kwenye kamera, na mahali fulani mng'ao unazimika. Ukiendelea kuzungusha unarudi. Wanaosema watamalizia kwenye kompyuta wanajidanganya: rangi unaweza kuikoleza, lakini kokoto ambazo kamera haikuziona utazitoa wapi?

Jambo ambalo kijikaratasi cha ndani ya boksi hakisemi ni pembe. Filta hii inafanya kazi vizuri zaidi ukiyatazama maji kwa mshazari, kama nyuzi 37 kutoka usawa wa maji. Ukiyainamia kutoka juu moja kwa moja, utazungusha pete mpaka uchoke usione tofauti. Kwenye mto Morogoro, njia ya kupanda Morningside, nikisimama na kamera usawa wa kifua, maji ya hatua mbili tatu mbele yangu ndiyo yanayosafika hadi chini. Ya mbali yanabaki na mng'ao wake, na hapo ndipo ninapopanga picha: kokoto mbele, mng'ao nyuma.

Inakula mwanga, kati ya stopu moja na mbili, na kila stopu ni kupunguza mwanga kwa nusu. Kwenye harusi, ambazo ndizo zinazonilisha, ningeilaani. Kwenye kijito ni faida. Asubuhi chini ya miti, ukiweka ISO 100 (wepesi mdogo wa kamera kwa mwanga) na f/11 (tundu dogo la lenzi), shata, yaani pazia la kuingiza mwanga, inakaa wazi yenyewe hadi nusu sekunde au zaidi, na maji yanavutika nyuzinyuzi bila kununua filta nyingine ya giza. Mimi sipendi maji yaliyogeuzwa ukungu mtupu. Robo sekunde hadi nusu inanitosha, bado unaona yanavyogonga jiwe. Stendi ni lazima, na miguu yake ikae kwenye mwamba, maana mchanga unachimbwa na maji wakati shata iko wazi. Mama mmoja aliyekuwa akifua hapo aliniuliza, "Mwanangu, maji tu, watu hawamo?" Nikamjibu, "Leo maji tu, mama." Basi akaondoa beseni lake la bluu lisinisumbue, beseni ambalo mimi nilikuwa nalitaka.

Kasoro zipo. Fremu ni nene, kwa hiyo lenzi pana ikiwa kwenye 10 mm, pana kabisa, kona zote nne za picha zinaingia giza. Ukivuta kidogo hadi 12 zinatoka. Pete ni ngumu vidole vikilowa. Anga nalo kwenye lenzi pana linatoka na baka, upande mmoja bluu iliyokolea na mwingine umepauka, kwa sababu polaraiza yoyote inakoleza zaidi ile sehemu iliyo nyuzi 90 kutoka jua. Dawa yangu ni kuliacha anga nje ya picha. Na kwenye maporomoko makubwa, kama Sanje kule Udzungwa yenye mita 170 hivi, rasharasha zikipigwa na jua zinatoa upinde wa mvua, na filta inaweza kuufuta wote. Zungusha polepole.

Ruvu wakati wa masika ilinikatalia kabisa. Maji ni tope, chini hakuna cha kuonyesha. Ukiondoa mng'ao unabaki na kahawia iliyokufa. Mto wa namna hiyo uzuri wake ni huo mng'ao wenyewe. Vua filta, subiri jua la jioni, acha anga liingie majini.

Mkiwa dukani, kuna vioo vya kawaida vinavyouzwa kwa jina la polaraiza. Tazama mng'ao wa taa kwenye meza ya kioo ya muuzaji, kwa mshazari, jicho likiwa upande wenye nyuzi za kufungia, huku ukizungusha. Usipopungua, mrudishie. Ukipungua, anzeni kupatana bei.